Mhunzi Nyuma ya Kinanda

Vijana wanaosali leo kanisani kwetu wanadhani kile kinanda kikubwa cha mabomba kilizaliwa na swichi ubavuni. Na hata hivyo hakipigwi sana siku hizi. Kuna magitaa ya umeme na maspika makubwa kama makabati ya nguo. Msomaji anasoma Neno kwenye simu, na katikati ya Neno simu inalia, naye anaizima huku anacheka. Sitaki kugombana na mtu. Mimi ni mjalidi wa vitabu, na kazi ya mjalidi katika zama hizi ni kukaa mlangoni akihesabu wapita njia. Lakini kabla sijafumba macho nataka kueleza habari za mtu aliyekaa nyuma ya kinanda kile kwa mwaka mmoja na nusu, asionekane na yeyote, na jinsi mimi, rafiki yake, nilivyomtoa pale.

Alikuwa mhunzi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kwa kutotumika. Hata mama yake mzazi alimwita Mhunzi. Alikuwa mrefu, mabega mapana kama mlango, nyusi zimeungua zamani na hazikuota tena, kwa hiyo uso wake ulikuwa na mshangao wa kudumu, kama mtu aliyetoka kuambiwa jambo sasa hivi. Maneno hakuwa nayo. Ukimuuliza swali Jumatatu, jibu ulilipata Jumatano, nalo lilikuwa jibu kamili. Alibatizwa akiwa mchanga, na tangu siku hiyo, kwa kauli yake mwenyewe, hakuwahi kurudi kanisani kuangalia kama maji yamekauka.

Tulipanga vyumba viwili katika ua mmoja, mlango ukitazamana na mlango. Kwake kulikuwa na tanuri, fuawe na mivukuto miwili ya ngozi ya kupulizia moto. Kwangu kulikuwa na shinikizo la mbao, sindano, uzi uliopakwa nta, na sufuria ya gundi ambayo harufu yake ilinipa jina: Gundi. Shule niliiacha darasa la nne. Elimu nyingine niliipata kwa kusoma kila kitabu kilicholetwa kushonwa, na kwa kuwa vililetwa vimepasuka, yapo mambo mengi ninayoyajua katikati tu, sijui yalianzaje wala yaliishaje. Hata hivyo nilijiona msomi. Jumapili nilisoma somo la kwanza mbele ya kanisa zima, kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona haya.

Mke wangu alifariki mapema, hatukuwa na mtoto. Mhunzi hakuwa ameoa. Kwa hiyo kila Jumapili, tukishakula mchana, tulikaa uani kucheza drafti. Ubao aliufua mwenyewe kwa bati nene, kete zangu zilikuwa nati, zake washa. Tulicheza mpaka jua likaondoka kwenye ukuta. Miaka kumi na moja. Sikujua kwamba huo ndio uliokuwa utajiri wangu wote, kwa sababu hakuna aliyejaribu kuuchukua.

Kisha ngozi ya mivukuto ya kinanda ikapasuka.

Niseme kidogo kinanda kilivyokuwa. Mpigaji alikaa mbele, anaonekana. Lakini kinanda hakitoi sauti bila upepo, na upepo ulitoka nyuma, kwenye kijumba cha mbao chenye upana wa mtu na nusu, ambamo mtu alipanda na kushuka na mti mrefu wa kuvutia mivukuto. Ukutani palining'inia kipande cha risasi kwenye uzi: kikishuka upepo upo, kikipanda upepo unakwisha. Na kutoka kwenye benchi ya mpigaji ilipita kamba nyembamba mpaka nyuma, mwisho wake una kengele ndogo. Akivuta mara moja, anza. Mara mbili, ongeza. Mara tatu, basi, pumzika. Mzee aliyefanya kazi hiyo mgongo ulikuwa umemshinda, na ngozi ilipopasuka, mtu pekee mjini aliyejua kushona mivukuto alikuwa jirani yangu.

Alikwenda Jumatano asubuhi akasema atarudi saa sita. Alirudi jua linazama, kichwa kimejaa vumbi la mbao.

"Gundi," akasema, "kile chombo kinahema."

"Kila chombo cha upepo kinahema. Hata mivukuto yako inahema."

Akafikiri. "Yangu inahema moto. Kile kinahema kama mtu anayetaka kusema kitu."

Nikamuuliza nani alikuwa akipiga wakati wa kujaribu. Akaingia ndani bila kunijibu. Jibu lilikuja Ijumaa: "Mwalimu."

Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi, na alikuwa mpigaji wetu wa kinanda. Binti wa mwinjilisti mstaafu, mzee aliyekuwa hawezi tena kutoka kitandani, nyumba yao imepakana na kanisa. Alikuwa amepita thelathini, waposaji walishaacha kubisha hodi, na wanawake wa mtaani walisema wanaume wanamwogopa kwa sababu husahihisha. Ni kweli alisahihisha. Mimi mwenyewe aliwahi kunisahihisha mbele ya mchungaji, nikanuna wiki mbili.

Jumapili iliyofuata Mhunzi alinyoa, akavaa shati lenye kola, akaenda kuingia katika kile kijumba. Akaenda na iliyofuata. Akaenda mazoezi ya kwaya, akaenda sala za asubuhi katikati ya wiki. Waumini wakaanza kumtaja kama mfano. Mchungaji alisema madhabahuni kwamba yuko ndugu anayemtumikia Mungu mahali asipoonekana, watu wakageuza shingo kutafuta, na kipande cha risasi kikapanda, kwa sababu ndugu huyo, alivyonieleza baadaye, alikuwa amesinzia.

"Unasinzia katika mahubiri?" nikamuuliza.

"Kule nyuma hayasikiki. Yanasikika mabomba tu." Akasita. "Na yeye anavyovuta kamba."

"Anavutaje?"

"Zamani alikuwa anavuta tu. Sasa akimaliza, baada ya zile tatu, anavuta moja ndogo."

"Ya nini?"

"Sijui. Na mimi navuta moja ndogo."

Hivyo ndivyo walivyochumbiana, kama kuchumbiana ni neno lake. Uso kwa uso walipeana salamu tu, tena Mhunzi akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi. Lakini kamba ilikuwa na mazungumzo yake. Na mchana wa Jumapili, saa zetu za drafti, Mwalimu alifanya mazoezi ya peke yake, na mazoezi yalihitaji upepo.

Nilikaa uani na ubao. Jumapili ya kwanza nilijichezea pande zote mbili, nati na washa, na nikashindwa. Hapo waweza kucheka. Mimi sikucheka. Nilianza kuhesabu makosa ya kinanda nikiwa kanisani, nikanong'ona kwa jirani kwamba upepo hautoshi, kwamba unatoka kwa mshtuko, kwamba mkono wa mhunzi ni mkono wa kupiga chuma. Uongo mtupu. Upepo haukuwahi kuwa laini vile.

Mwezi mmoja kabla ya mambo kuharibika, Mhunzi alisimama mlangoni kwangu na nyundo mkononi. "Nitamwambia," akasema.

"Utamwambia nini?"

"Sijapata. Nitaanza na habari za mchana."

"Na ikiwa asubuhi?"

Hilo lilimtia wasiwasi kwelikweli. Akarudi kwenye fuawe kulifikiria.

Wiki hiyohiyo niliketi kujalidi magazeti ya zamani ya kanisa, na humo nikakuta picha ya mota ya umeme ya kupuliza kinanda. Haichoki, maelezo yalisema, haichelewi, haihitaji mtu. Nguzo za umeme zilikuwa zimefika kanisani mwaka uleule. Nikaikata ile karatasi kwa kisu cha kazi, nikaipeleka kwenye baraza la wazee, nikasimama nikahutubu. Nilitaja maendeleo. Nilitaja heshima ya ibada. Nilitumia maneno niliyoyaokota katikati ya vitabu. Wazee wakapiga makofi, mmoja akasema, "Gundi angesoma, angekuwa mtu mkubwa." Katika kikao kile hakuna aliyejua mapenzi ya kamba ila mimi. Nilijua. Naomba msomaji asinitafutie udhuru ambao mimi mwenyewe nimeutafuta miaka thelathini na kuukosa.

Mota ilifungwa. Kijumba cha mbao kikawekwa ndoo na mafagio. Nilipompa Mhunzi habari alikuwa anafua bawaba, akaimalizia kwanza, akaitumbukiza majini.

"Ni kitu kizuri," akasema. "Hakisinzii."

Na Jumapili akaleta ubao wa drafti uani.

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu mwema, mbona haendi kukaa kwenye viti kama wengine. Akasema, "Nikakae mbele nijifanye nini? Sikwenda kwa ajili hiyo." Kisha akasukuma washa mbele. "Zamu yako."

Siku nne baadaye Mwalimu alikuja karakana kwangu na kitabu cha nyimbo kilichovunjika mgongo. Nilikichukua nikaona mara moja kwamba kimevunjwa, hakikuvunjika. Mjalidi anajua.

"Kitakuwa tayari lini, kaka?"

"Jumatatu, Mwalimu."

Hakuondoka. Akatazama mlango wa ng'ambo. Siku hiyo Mhunzi alikuwa amekwenda kufunga nondo za madirisha, tanuri limezimwa.

"Jirani yako mzima?"

"Mzima. Kazi tu."

"Mfikishie neno langu." Akashusha pumzi, akaanza kusema kwa mpangilio kama anayesoma swali la hesabu ubaoni. "Mwambie mimi nahitaji mtu wa kunifungulia kurasa. Kiti kipo, kando ya benchi yangu. Si lazima ajue noti, nitamwashiria kwa kichwa. La pili, mwambie baba anataka kumwona. Baba dirisha lake linasikia kila kitu. Ananiambia, mwanangu, mtu wako amekwenda wapi? Hiki kinachopuliza sasa hakimezi mate."

"Nitamwambia," nikasema.

"Leo?"

"Akirudi tu."

Siku zile mwanamke wa heshima hakumfuata mwanamume kazini kwake kumwambia njoo. Alituma mtu mzima, na mtu mzima akikabidhiwa neno, neno limefika. Ndiyo adabu ninayoililia ninapoona vijana wa leo wanavyoitana barabarani kwa mluzi. Lakini lazima niseme na hili: adabu ileile ndiyo niliyojificha nyuma yake. Laiti Mwalimu angekuwa msichana wa leo, angevuka ua hatua kumi na mbili na kumsubiri mlangoni, nami nisingekuwa na cha kuficha.

Mhunzi alirudi jioni. Nilifungua kinywa. Akasema, "Gundi, una chumvi?" Nikampa chumvi.

Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili tulicheza drafti vizuri mno. Nikajiambia Jumapili ijayo. Kila neno linalokaa siku moja zaidi linaongeza uzito, na ifikapo wiki ya tatu hukumbuki tena kuogopa kulisema. Unaogopa kueleza kwa nini hukulisema. Mwalimu aliniuliza mara mbili kwenye ngazi za kanisa. Nikamjibu, "Ana kazi nyingi sana." Mara ya tatu hakuuliza. Na Mhunzi naye, siku moja, bila kuinua macho ubaoni:

"Mwalimu hajambo?"

"Hajambo."

"Hakusema kitu?"

"Kuhusu nini?"

Akasukuma kete. Ilikuwa kete mbaya, niliila na nyingine mbili.

Kanisani kwetu kulikuwa na desturi ambayo leo imezikwa. Meza ya Bwana ilikuwa mara moja kwa mwezi, na Jumamosi yake kila aliyetaka kushiriki alikwenda kuandikwa. Pale mezani alikaa Mama Karani, mjane mwenye miwani na ulimi, akamuuliza kila mtu mbele ya foleni nzima: "Una neno na mtu?" Ukisema sina, unaandikwa. Ukisema ninalo, kalamu inawekwa chini. Unakwenda kumtafuta mwenzako, mnarudi wawili, mnasema kwa vinywa viwili, "Tumemaliza." Daftari lilifungwa saa kumi na moja kamili, awe nani awe nani. Siku hizi watu wanapanga mstari tu kama wanakwenda kuchota maji, na aliyemng'ata mwenzake jana anapokea mbele yake.

Wiki ya tatu nilisimama mbele ya Mama Karani. "Una neno na mtu?" "Sina." Akaniandika. Kesho yake nikapokea, na mkate ule ulinikaa kooni mpaka jioni.

Wiki ya tano umeme ulikatika katikati ya ibada. Moyo ulinipasuka kwa matumaini. Nilisema sasa watamkumbuka, mtu atatumwa mbio, na Mungu atakuwa amenifanyia kazi yangu. Wapi! Mchungaji aliinua mikono, watu wakaimba bila kinanda, wakaimba vizuri kuliko siku zote, na Mwalimu alikaa kwenye benchi ameweka mikono mapajani. Alikuwa anatazama kamba. Hawakuwa wameiondoa.

Wiki ya sita baba yake akafariki.

Mhunzi alifua vishikio vinne vya jeneza, bila kuombwa na mtu, vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Alivipeleka mwenyewe, akasimama mazikoni nyuma kabisa, karibu na lango. Watu walipokuwa wanatoka Mwalimu alimpa mkono. Tuliporudi uani Mhunzi alikaa juu ya fuawe bila kuwasha moto.

"Amesema, umekuja sasa."

"Ni shukrani," nikasema.

"Hapana. Hakusema asante. Amesema, umekuja sasa." Akanitazama na ule uso wake usio na nyusi. "Wewe umesoma. Ana maana gani?"

Nikasema sijui. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine wa kibiashara, mwingine wa kujikinga. Ule ndio mmoja ninaousikia ninapofunga mlango.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuandikwa. Nilikwenda kwa sababu msomaji wa somo la kwanza asipoandikwa watu wanauliza. Foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu, amevaa nguo za msiba, alikuwa ameketi kwenye benchi ya kinanda akipanga namba za nyimbo. Zamu yangu ikafika.

"Una neno na mtu?"

Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Kinywa kikatoa jingine. "Ninalo."

Mama Karani akashusha miwani. Tangu akabidhiwe lile daftari hakuna msomaji wa Neno aliyewahi kusema vile. "Na nani, Gundi? Na mke wa nani?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Na Mhunzi," nikasema. "Na Mwalimu pia. Zaidi Mwalimu."

Kicheko kikakatika. Nikageuka nikamwambia pale pale, mbele ya watu, kwamba neno lake halikufika. Kwamba kazi nyingi haikuwepo. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Mwalimu hakusimama. Alichukua namba ya wimbo, akaiweka, akaiondoa, akaiweka tena palepale.

"Wiki ngapi?" akauliza, yeye wa hesabu.

"Saba."

"Baba alikuwa hai sita," akasema.

Mama Karani akaweka kalamu chini. "Saa kumi na robo," akasema. "Mbona bado umesimama?"

Nilikimbia. Mtu mzima, na viatu vya kanisani, nikipita mbele ya maduka. Mhunzi alikuwa anapuliza moto. Nilimweleza yote: kiti cha kurasa, baba na dirisha, na ile mota, na kwa nini ile mota. Aliendelea kuvuta mivukuto taratibu mpaka nilipomaliza.

"Ya mota nilijua," akasema. "Wewe hujapenda maendeleo hata siku moja."

"Na hukusema?"

"Nilidhani umenikosa kwenye drafti. Nikaona si dhambi kubwa." Akaiacha mivukuto, ikatoa pumzi peke yake. "Lakini mzee alikuwa ananiita, Gundi. Mzee alikuwa anakufa, ananiita, nami nipo hapa nakuchekea ukila kete zangu."

Akainua nyundo. Nilifumba macho, na Mungu anisamehe, nilitamani. Nilisikia ikigonga fuawe tupu, mara moja, mlio mmoja mrefu. Nilipofumbua macho alikuwa ameshatoka uani, aproni ya ngozi kiunoni, anatembea hatua ambazo ilinibidi nizikimbilie.

Tuliingia kanisani ikiwa imebaki dakika chache. Foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyoiacha. Walioandikwa hawakuwa wameondoka.

"Haya," akasema Mama Karani, "mmemaliza?"

"Hapana," akasema Mhunzi.

"Hapana?"

"Huyu nitamalizana naye nikipata nafasi. Nimekuja kwa neno jingine." Akaenda mpaka kwenye benchi ya kinanda, akasimama. Akameza mate. Akaifungua aproni, akaifunga tena.

"Mhunzi, baba," Mama Karani akaita, "daftari linafungwa saa kumi na moja, si kesho kutwa."

"Habari za mchana," akasema Mhunzi.

Kanisa lilitaka kucheka likashindwa, kwa sababu Mwalimu alijibu kwa utulivu, "Nzuri." Kisha akasema, "Nina swali moja. Usinidanganye, nimedanganywa vya kutosha," na hapo nikatazama sakafu. "Mwaka na nusu ule. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili yangu?"

Mchungaji alikuwa ametoka chumba cha mavazi, amesimama mlangoni. Watu arobaini walikuwa wanasikiliza. Mimi ningejibu Mungu bila kupepesa macho, na ningeongeza aya. Nikamwombea Mhunzi, kwa mara ya kwanza kuomba kwa kweli tangu mke wangu augue, nikasema, Bwana, mwache adanganye kidogo.

"Kwa ajili yako," akasema Mhunzi.

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Lo!"

"Nilikuja kwa ajili yako," akasema tena, anatafuta maneno kama anayetafuta msumari kwenye mchanga. "Mungu nilimkuta kule nyuma. Alikuwa amekaa kimya. Na mimi si msemaji. Tukazoeana." Akafikiri kama kuna lingine. "Mota ilipokuja nikaona aibu kuja kumwona bila kazi ya mkononi."

Mwalimu aliinama akasogeza vitabu vya nyimbo vilivyokuwa kwenye kiti kando ya benchi, kimoja kimoja, akaviweka sakafuni mpaka kiti kikabaki kitupu.

"Mwandike," akasema mchungaji.

"Nimwandike vipi?" Mama Karani akang'aka. "Hajamaliza na Gundi! Sheria ni sheria, mchungaji, wewe ndiye uliyeileta. Na dakika zimebaki mbili."

Mhunzi alinitazama. Nilijua anachokitazama: aliona dirisha la mzee. Kisha akalitazama daftari, ambapo jina la mwisho kuandikwa lilikuwa la Mwalimu, aliyeandikwa nikiwa nimekimbia kwa kusema neno ni langu, si lake, na mstari chini yake uko wazi.

"Tumemaliza," akasema.

"Gundi?"

"Tumemaliza," nikasema, nikijua kwamba amelisema neno lile kwa ajili ya ule mstari, wala si kwa ajili yangu.

Mhunzi aliishi miaka ishirini na tisa baada ya pale. Alifungua kurasa mpaka akajifunza noti, alijifunza noti kabla hajajua kusoma vizuri. Walipata binti mmoja, ambaye husahihisha. Kuhusu mimi na yeye, ilipita karibu mwaka mzima ndipo siku moja, anakata nondo, akasema bila mimi kuuliza, "Lile la daftari, sasa ni kweli." Akaendelea kukata. Alizikwa mwaka juzi, na vishikio vya jeneza lake vilinunuliwa dukani, vya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Nilimwambia binti yake vitakatika. Akaniambia, "Babu, vinashuka mara moja tu."

Lakini nimeruka. Kabla ya hayo yote kulikuwa na harusi, na wiki moja kabla ya harusi Mwalimu alikuja karakana, safari hii bila kitabu.

"Sina wa kunishika mkono kuniingiza kanisani," akasema. "Nataka wewe."

Nikamwambia ana mjomba wake, mtu wa heshima, anaishi mtaa wa pili.

"Mjomba yupo. Simtaki mjomba."

"Mwalimu, mimi sistahili. Baada ya yale..."

"Kwa sababu ya yale." Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo. "Baba aliniuliza kila Jumapili kama mtu wake amefika. Nikamjibu ana kazi nyingi, baba, kwa sababu ndivyo ulivyonijibu wewe. Nilimdanganya baba yangu mara sita kwa mdomo wako. Basi wewe utakaa mahali pake. Utatembea polepole, nitakushika mkono, na hutaruka hata hatua moja."

Kwa hiyo nilitembea. Suti ya kuazima, viatu vimepigwa rangi, watu wamesimama pande zote mbili wananitabasamia, wengine wananong'ona kwamba Gundi ni mtu wa ajabu, ona alivyosamehewa. Kanisa letu lina safu ishirini na mbili za viti. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana juu ya mkono wangu. Kule mbele Mhunzi alisimama anatutazama na ule uso wa kushangaa, na kulia kwetu, ng'ambo ya dirisha la kanisa, dirisha la chumba cha mzee lilikuwa wazi, pazia limefungwa kando, kama alivyopenda.

"Ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?" akauliza mchungaji.

Mimi, msomaji wa somo la kwanza, nilifungua kinywa na sauti haikuja. Akauliza tena. Mara ya tatu nikajibu, "Mimi, badala ya baba yake," na nadhani waliokaa nyuma hawakusikia.